Kamba na Kina cha Kisima: Namna ya Kuchagua Urefu wa Kolamu kwa Peptaidi za Maziwa ya Ngamia

Mtungi wa maziwa ya ngamia unaotoka Hulugho, kaunti ndogo ya Garissa inayopakana na Somalia, ukifika sokoni huwa umebeba maziwa ya wanyama wengi. Ya boma hili humiminwa juu ya yale ya boma jirani, mtungi hujaa, hufungwa juu ya gari, na mnunuzi wa mwisho hana jicho la kumwambia ndani mna nini. Katika maboma hayohayo wamo ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua ng'ombe wengi kaskazini mwa Kenya, na wafugaji wengi wakazidi kumtegemea ngamia. Biashara ya maziwa yake, ambayo kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa akina mama, imekuja na swali lake: mama anayeuza maziwa matupu ya ngamia atathibitishaje kwamba hayakuchanganywa?

Kemia inamsaidia. Maziwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yote yana protini iitwayo beta-laktoglobulini. Maziwa ya ngamia hayana. Ukiikuta kwenye mtungi unaosemekana kuwa wa ngamia, maziwa yamechanganywa. Njia ya kuitafuta ni kuzikata protini zote za maziwa vipande vidogo viitwavyo peptaidi, kuvitenganisha vipande hivyo kwa kromatografia ya kimiminika, kisha kuangalia kama vipande vya protini hiyo vimo.

Mwongozo huu ni wako, mwanafunzi wa kemia au fundi wa maabara, uliye na sampuli mkononi na droo ya kolamu mbele yako: moja ya sentimita 5, nyingine ya 10, ya 15, ya 25. Mkono huenda wenyewe kwenye ile ndefu kuliko zote. Uzuie kwanza. Mfugaji hafiki kisimani na kamba ndefu kuliko zote alizonazo. Hubeba kamba inayolingana na kina cha kisima, kwa sababu kila pima ya ziada ataivuta kwa mikono yake. Kolamu nayo ina kina chake, na kina hicho kinatokana na swali unalouliza.

Andika swali lako kwanza

Liandike kwa sentensi moja, juu kabisa ya ukurasa wa daftari la maabara. Maswali ya maziwa ya ngamia kwa kawaida ni ya aina tatu.

La kwanza ni la ndiyo au hapana: je, mna beta-laktoglobulini humu? La pili ni la kiasi: kama maziwa yamechanganywa, ni kwa sehemu ngapi katika mia? La tatu ni la ramani: ni protini zipi zote zilizomo katika maziwa haya, pamoja na zile chache mno?

Maswali haya matatu hayahitaji kolamu moja. La kwanza linatafuta vipande vichache unavyovijua kwa jina. La tatu linatafuta maelfu ya vipande usivyovijua. Anayetumia kolamu ya sentimita 50 kujibu swali la kwanza anapoteza siku, na anayetumia ya sentimita 5 kujibu la tatu anapoteza sampuli.

Sampuli mbovu haiponywi na kolamu

Joto la Garissa halisubiri. Bakteria wa maziwa huanza kuzikata protini mapema, na maziwa yenyewe yana kimeng'enya kiitwacho plasmini kinachofanya kazi hiyohiyo. Maziwa yakianza kuganda na kuelekea kuwa susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, utakuwa na peptaidi hata kabla hujatia kimeng'enya chako, na hakuna urefu wa kolamu utakaozirudisha zilikotoka. Kwa hiyo chukua sampuli ndogo za mililita chache, ziweke kwenye barafu papo hapo, na zigandishe mara upatapo friza. Andika pia kama chombo kilifukizwa moshi, kwa maana vibuyu na vyombo vingi vya maziwa husafishwa hivyo, na masalia ya moshi hupenda kung'ang'ania ndani ya kolamu.

Maabarani, toa mafuta kwanza: zungusha maziwa kwenye sentrifuji yakiwa baridi, nyuzi 4 hivi, kisha ondoa tabaka la juu. Hapo una njia mbili. Kama maziwa ni mabichi, unaweza kuyatia asidi ili kaseini zitulie chini. Za ng'ombe hutulia karibu na pH 4.6, za ngamia karibu na 4.3. Beta-laktoglobulini hubaki juu, katika maji ya maziwa, na mzigo wa kolamu yako unapungua sana. Lakini kama maziwa yalichemshwa, usifanye hivyo. Joto huifungua beta-laktoglobulini na kuigandisha na kaseini, kwa hiyo ukizitupa kaseini unaweza kutupa ushahidi wenyewe. Maziwa yaliyochemshwa yameng'enye yote.

Kumeng'enya kwenyewe kuna desturi inayojulikana. Zifungue protini kwa urea ya molari 8, katika pH ya 8 hivi. Vunja vifungo vya salfa kwa ditiothreitoli (DTT), kisha vizibe kwa ayodoasetamidi gizani kwa nusu saa. Punguza urea kwa maji hadi iwe chini ya molari 1, tia tripsini kiasi cha sehemu 1 kwa sehemu 50 za protini, uiache usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi simamisha kazi kwa asidi, kisha uoshe chumvi na urea kwa kichujio kidogo cha C18.

Tripsini hukata baada ya laisini na ajinini, isipokuwa pale zinapofuatwa na prolini. Kwa sababu ya kanuni hii, vipande vya beta-laktoglobulini ya ng'ombe vinajulikana kabla hujafungua mashine. Kimoja huandikwa VLVLDTDYK kwa herufi za asidi amino, na kikiwa na chaji mbili huonekana kwenye spektromita ya tungamo karibu na 533.3. Kingine ni IDALNENK, karibu na 458.7. Hao ndio mashahidi wako. Kumbuka tu kwamba mbuzi na kondoo wana protini ya ukoo huohuo, na baadhi ya vipande vyao hufanana na vya ng'ombe. Shahidi mmoja anaweza kukuambia maziwa yamechanganywa bila kukuambia ni ya mnyama yupi.

Kinachotokea ndani ya bomba

Kolamu ni bomba la chuma lililojazwa chembe ndogo za silika, kila chembe ikiwa imevikwa minyororo ya kaboni 18. Ndiyo maana huitwa C18. Peptaidi zenye kupenda mafuta hushikamana na minyororo hiyo, zenye kupenda maji hupita. Ukianza na maji yenye asidi kidogo, karibu zote hushika mwanzoni mwa kolamu. Kisha unaongeza asetonitrili polepole, tuseme kutoka asilimia 5 hadi 40, na kila peptaidi huachia pale nguvu ya kiyeyushi inapozidi mshiko wake. Kupanda huku kwa nguvu ya kiyeyushi huitwa gradienti. Likariri neno hilo, kwa kuwa siri yote ya urefu imo ndani yake.

Mikhail Tsvet, aliyekuwa akifanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, alizitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye bomba la chokaa, na ndiye aliyeipa kromatografia jina lake. Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge walitoa nadharia iliyowezesha kuhesabu uwezo wa kolamu, na mwaka 1952 wakapewa Tuzo ya Nobel. Walifikiria kolamu kana kwamba ni mnara wa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sahani zikiwa nyingi, utenganishaji ni mzuri zaidi. Kolamu ikirefushwa mara mbili, sahani nazo huwa mara mbili.

Mpaka hapo urefu unaonekana kuwa baraka tupu.

Hesabu ya kwanza: mzizi wa pili

Mtengano wa vilele viwili hauendi sambamba na idadi ya sahani. Unafuata mzizi wa pili wa idadi hiyo. Ukirefusha kolamu mara mbili, mtengano unakua mara 1.4 tu. Ukirefusha mara nne, unakua mara mbili. Upande wa gharama hakuna mzizi: kolamu ya urefu mara mbili, kwa mwendo uleule wa kiyeyushi, inataka muda mara mbili na inaleta presha mara mbili.

Tuseme vilele viwili vina mtengano wa 0.8, maana yake vimepandana, nawe unataka 1.5, ambapo hutengana hadi chini. Gawanya 1.5 kwa 0.8, upate 1.875. Zidisha hiyo kwa yenyewe, upate 3.5. Unahitaji kolamu ndefu mara tatu na nusu. Kutoka sentimita 15 utalazimika kwenda zaidi ya 50. Hesabu hiyo ikikushtua, imefanya kazi yake. Hapo si mahali pa kurefusha, ni mahali pa kubadilisha kitu kingine: asidi ya fomiki iwe asidi ya trifluoroasetiki (TFA) kama unapima kwa mwanga, joto lipande au lishuke, au C18 ipishe kolamu ya fenili. Na kama vilele vinatoka mahali pamoja kabisa, hakuna urefu utakaovitenganisha. Sifuri ikizidishwa mara mia inabaki sifuri.

Hesabu ya pili: peptaidi na gradienti

Kanuni ya mzizi inafaa zaidi pale nguvu ya kiyeyushi isipobadilika. Peptaidi hazitenganishwi hivyo, na hapa wengi hukwama.

Molekuli kubwa ni nyepesi kuitikia asetonitrili. Ongeza kidogo tu, nayo inaachia ghafla na kukimbia. Wanakemia huupima wepesi huo kwa herufi S. Kwa kukadiria, S ni robo ya mzizi wa pili wa uzito wa molekuli. Peptaidi ya daltoni 1,600 ina S ya 10 hivi. Beta-laktoglobulini nzima, isiyokatwa, yenye daltoni 18,300 hivi, ina S karibu 34. Protini nzima kwa hiyo hukaa imeshika mwanzoni, kisha ikiachia inapita kolamu yote karibu bila kushika tena. Sentimita za mbele inazipita tu kama msafiri anayepita mji usiku. Kwa protini nzima, chagua kolamu ya sentimita 5 hadi 10 yenye chembe za vitundu vipana vya nanomita 30, wala usihangaike na urefu.

Peptaidi ziko katikati: urefu huzisaidia, lakini kwa sharti la muda. Kwenye gradienti tunapima nafasi za vilele, yaani ni vilele vingapi vinaweza kukaa bega kwa bega tangu gradienti ianze hadi iishe. Gawanya muda wa gradienti kwa upana wa kilele kimoja, ongeza 1. Gradienti ya dakika 20 na kilele cha upana wa dakika 0.2 hukupa nafasi 101.

Sasa tulinganishe kolamu mbili za kipenyo cha milimita 2.1, zenye chembe za aina moja: ya sentimita 5 na ya sentimita 15. Mwendo ni mililita 0.3 kwa dakika, asetonitrili inapanda kwa asilimia 35, peptaidi ina S ya 10. Nimepiga hesabu ya nafasi za vilele, nikagawanya za kolamu ndefu kwa za kolamu fupi:

Gradienti ya dakika 5: ndefu inaipita fupi mara 1.0, yaani hakuna faida yoyote.
Gradienti ya dakika 20: mara 1.4.
Gradienti ya dakika 60: mara 1.6.
Kikomo, hata ukisubiri mchana kutwa: mara 1.7, ambayo ndiyo mzizi wa pili wa 3.

Isome orodha hiyo mara mbili. Anayefunga kolamu ndefu na kubaki na gradienti ya dakika 5 amelipa presha mara tatu bila kupata chochote, kwa sababu asetonitrili inapanda haraka kiasi kwamba sehemu ya mwisho ya kolamu inafanya kazi kidogo. Aliye na kolamu fupi naye asidhani muda peke yake utamwokoa. Kwenye kolamu ya sentimita 5, kutoka dakika 20 hadi 60 nafasi za vilele huongezeka kwa asilimia 9 hivi tu. Umesubiri mara tatu ili upate kijiko kimoja. Urefu na muda huongezwa pamoja.

Kanuni ya kushika kichwani ni kuhesabu ujazo. Kolamu ya milimita 2.1 kwa sentimita 5 hubeba kimiminika cha mikrolita 110 hivi. Dakika 20 kwa mililita 0.3 ni mililita 6, sawa na ujazo wa kolamu mara 54. Ya sentimita 15 hubeba mikrolita 340 hivi. Ili nayo ipitishiwe ujazo wake mara 54 au karibu na hapo, inataka dakika 60. Ukirefusha kolamu mara tatu na gradienti mara tatu, unapata faida yote ya 1.7: kutoka nafasi 101 hadi 170 na ushei.

Usisahau chembe

Urefu una mwenzake, nao ni ukubwa wa chembe. Mwaka 1956 van Deemter na wenzake walionyesha jinsi kilele kinavyotanuka ndani ya kolamu, na chembe ndogo hupunguza kutanuka huko. Kwa kukadiria, gawanya urefu kwa ukubwa wa chembe. Kolamu ya sentimita 25 yenye chembe za mikromita 5 inakupa 50,000. Ya sentimita 15 yenye chembe za mikromita 3 inakupa 50,000. Ya sentimita 10 yenye chembe za mikromita 2 inakupa 50,000. Zote tatu zina karibu idadi ileile ya sahani, ila ya mwisho inamaliza kazi mapema zaidi.

Bei ya chembe ndogo ni presha, inayopanda kwa mraba: ukipunguza chembe kwa nusu, presha ni mara nne kwa urefu uleule. Mashine za kawaida huishia baa 400 hivi. Mashine za presha kubwa zilianza kuuzwa mwaka 2004, na za leo huzidi baa 1,000. Kwa hiyo kabla ya kuamua, angalia mashine yako inabeba nini. Kama maabara ina mashine ya zamani, kolamu ya sentimita 15 au 25 ya chembe za mikromita 3 au 5 ni chaguo la heshima, wala si la umaskini.

Chagua kwa swali

Kama swali ni la ndiyo au hapana, na una spektromita ya tungamo, anza na sentimita 5 au 10, kipenyo cha milimita 2.1, chembe za mikromita 2 au chini, vitundu vya nanomita 10 hadi 13, gradienti ya dakika 10 hadi 20. Spektromita yenyewe hutenganisha kwa uzito, kwa hiyo si lazima kolamu imalize kazi yote. Fikiria kiasi pia. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 3 hivi za beta-laktoglobulini kwa lita. Yakiwa asilimia 5 tu ya mtungi, utakuwa na miligramu 150 kwa lita. Hicho si kiasi cha kutafuta kwa tochi.

Kama unataka kujua kiasi cha mchanganyiko, nenda sentimita 10 hadi 15, na gradienti ya dakika 30 hadi 60. Sababu ni kwamba peptaidi zinazotoka pamoja hunyang'anyana chaji zinapoingia kwenye spektromita, na yenye nguvu huifunika dhaifu. Maziwa ya ngamia yamejaa beta-kaseini, karibu theluthi mbili za kaseini zake zote. Peptaidi yake moja ikitoka sambamba na shahidi wako, namba yako itakuwa ndogo kuliko ukweli. Hapa urefu unalinda usahihi wa hesabu.

Kama huna spektromita na unapima kwa mwanga wa nanomita 214, kolamu inabeba kazi yote peke yake. Chukua sentimita 15 hadi 25, gradienti ya saa moja au zaidi, na endesha maziwa ya ngamia ya uhakika na ya ng'ombe ya uhakika kila siku kando ya sampuli. Mwanga hausemi kilele ni cha nani. Hukuonyesha tu kwamba kipo.

Na kama unataka ramani nzima, hapo ndipo kamba ndefu ina kisima chake. Watafiti hutumia kolamu nyembamba sana, za kipenyo cha mikromita 75 na urefu wa sentimita 25 au 50, mwendo wa nanolita 300 kwa dakika, gradienti ya saa moja, mbili au zaidi. Ile ya sentimita 50 hubeba kimiminika cha mikrolita 1.4 hivi, kwa hiyo kiyeyushi huchukua karibu dakika 5 kuivuka. Usiiguse kama huna subira ya saa nyingi, wala sampuli iliyooshwa ikatakata.

Joto ni rafiki

Aliyezaliwa Hulugho hahitaji kuambiwa joto linavyobadilisha vitu. Ndani ya kolamu, joto hulainisha kiyeyushi. Kwenye tanuri la kolamu, panda kutoka nyuzi 30 hadi 50 au 60, na presha itashuka vya kutosha kukuruhusu urefu ambao ungekushinda. Peptaidi nazo hutembea haraka zaidi kati ya kiyeyushi na chembe, na vilele hubana. Soma kwanza kikomo cha joto kwenye karatasi ya kolamu yako.

Joto la tanuri linadhibitiwa. Joto la chumba ndilo adui. Chumba kikipanda nyuzi kadhaa mchana na kushuka usiku, wakati wa kutoka kwa vilele utahama, na asetonitrili iliyo kwenye chupa isiyofungwa vizuri itapungua. Washa tanuri la kolamu hata kama chumba kinaonekana kufikia joto hilo chenyewe, tena liwe juu ya joto la chumba kwa nyuzi 10 au zaidi, kwa sababu tanuri nyingi huweza kupasha tu. Hazipoozi.

Jaribu kabla ya kuamini

Chukua mmeng'enyo mmoja wa maziwa ya ngamia uliotiwa asilimia 5 ya maziwa ya ng'ombe kwa mkono wako mwenyewe. Uendeshe mara tatu kwenye kolamu fupi, kisha mara tatu kwenye ndefu yenye gradienti iliyorefushwa kwa uwiano uleule. Andika mambo manne: upana wa kilele cha shahidi katikati ya kimo chake, muda wake wa kutoka, eneo lake, na presha ya juu kabisa. Kisha endesha maziwa matupu ya ngamia, uhakikishe mahali pa shahidi ni patupu.

Kama kolamu fupi inakupa eneo lilelile mara zote tatu, na mahali patupu ni patupu, umemaliza. Rudisha ndefu kwenye droo. Kama eneo linayumba, au linaongezeka sana ukihamia kwenye ndefu, basi kuna kitu kilichokuwa kikimfunika shahidi wako kwenye fupi, na urefu umejilipia.

Makosa yanayomfuata kila mgeni

Kutia sampuli yenye asetonitrili nyingi. Peptaidi hazitashika mwanzoni, na vilele vya kwanza vitatoka vipana hata kwenye kolamu ya nusu mita. Yeyusha sampuli katika maji yenye asidi.

Kusahau mabomba. Nafasi tupu katika mirija na viungio hutanua vilele. Kolamu fupi huumia zaidi, kwa kuwa vilele vyake ni vyembamba. Kama kolamu fupi inatoa matokeo mabaya kuliko ulivyohesabu, kagua viungio kabla ya kulaumu urefu.

Kusahau ucheleweshaji. Mashine yenye mikrolita 400 kati ya kichanganyio na kolamu huifikisha gradienti dakika 1.3 baadaye kwa mwendo wa 0.3. Kwenye gradienti ya dakika 5 hilo ni jambo kubwa. Kwenye ya dakika 60 hulioni.

Kuunganisha kolamu mbili kwa kiungio chochote kilicho karibu. Kolamu mbili za sentimita 15 zinaweza kuwa moja ya 30, ila kwa kiungio kisicho na nafasi tupu ndani. La sivyo unachopata kwa urefu utakipoteza katikati.

Kutoosha. Masalia ya mafuta na moshi hujikusanya mwanzoni mwa kolamu. Weka kolamu ndogo ya kinga mbele, na baada ya kila mfululizo pitisha asetonitrili ya asilimia 90 kwa ujazo wa kolamu mara kadhaa, kisha uirudishe kwenye kiyeyushi cha mwanzo kwa ujazo mara 10 hivi kabla ya sampuli nyingine. Hapa pia ndefu inakutoza zaidi: kuosha na kutuliza sentimita 25 kunachukua mara tano ya sentimita 5.

Ukirudi kwa mama wa sokoni

Weka hesabu hizi mbele ya mzigo halisi. Mama anayeuza maziwa ana mitungi ishirini, nawe unataka kupima kila mtungi mara tatu. Hiyo ni mizunguko 60. Kwa kolamu ya sentimita 5, na dakika 20 za gradienti pamoja na 10 za kuosha na kutuliza, ni saa 30. Kwa kolamu ya sentimita 25 yenye gradienti ya dakika 100 na dakika 50 za kuosha, ni saa 150, zaidi ya siku sita za mashine isiyolala. Katika siku hizo sita maziwa yatakuwa yameshanywewa, na cheti chako kitafika baada ya mtungi kurudi Hulugho mtupu. Kamba ya kisima hicho ni sentimita 5. Ile ndefu ihifadhi kwa siku utakapotaka kujua kila kilichomo ndani ya maziwa ya ngamia, hata yale ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.